Kusoma na Kusomewa: Imani ya Wanaume na Wanawake katika Lugha ya Watu wa Likoni

Mtu avukaye kwa feri kutoka kisiwani Mombasa hadi Likoni mchana wa Ijumaa hakosi kuliona jambo moja. Adhuhuri ikikaribia, wanaume waliovaa kanzu na kofia huifuata njia iendayo misikitini, ilhali wanawake walioshuka nao katika chombo kile kile huendelea na safari zao: wengine sokoni, wengine majumbani, wengine kwenye matatu ziendazo Ukunda. Kutokana na picha hiyo watazamaji wengi, wageni kwa wenyeji, wamekwisha kutoa hukumu. Wasema kwamba dini ya msikiti na kitabu ni ya wanaume, na kwamba wanawake wana yao, ya pepo na waganga na ngoma za usiku. Makala haya yanakusudia kuichunguza hukumu hiyo kwa njia ambayo ndiyo kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha, yaani kwa kuyatazama maneno ambayo watu wa Likoni huyatumia wasemapo habari za dini. Rai yetu ni kwamba tofauti iko, wala si ndogo, lakini haiko pale inapodhaniwa. Haimo katika kile kinachoaminiwa. Imo katika vitenzi.

Yafaa kwanza kusema machache juu ya mahali penyewe. Likoni ni bara ya kusini ya Mombasa, ng'ambo ya mlango wa Kilindini, na kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na wakazi 250,358. Wenyeji wa asili wa upande huo ni Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu. Uislamu ulienea kwao hasa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kwa njia ya biashara, ndoa na masomo, wala haukuletwa kwa upanga. Pamoja nao wako Waswahili wa Mombasa, na wako watu wa bara waliofuata kazi za bandari na hoteli, ambao wengi wao ni Wakristo. Kwa hiyo katika Mtongwe, Bofu, Timbwani au Shika Adabu mtu husikia Kidigo, Kimvita na Kiswahili cha bara katika uchochoro mmoja, na msamiati wa dini umechanganyika vivyo hivyo.

Jambo la kwamba wanawake na wanaume hutofautiana katika mwenendo wa dini si la Likoni peke yake. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilichapisha mwaka 2016 taarifa juu ya suala hili duniani kote, na kwa makadirio yake ya mwaka 2010, asilimia 83.4 ya wanawake walijinasibisha na dini fulani, na wanaume asilimia 79.9. Taarifa hiyo hiyo ilionyesha kwamba miongoni mwa Waislamu mambo ya hadharani huenda kinyume: wanaume ndio wahudhuriao zaidi msikitini, ambapo katika swala za kila siku hakuna tofauti kubwa. Hilo halimshangazi ajuaye fikihi, kwa kuwa swala ya Ijumaa ni faradhi kwa mwanamume na si faradhi kwa mwanamke. Basi kumpima mwanamke kwa kipimo cha msikiti ni kumpima kwa deni asilodaiwa.

Tuviangalie sasa vitenzi. Nguzo za dini husemwa kwa kauli ya kutenda, na kauli hiyo haibagui: mwanamume aswali, mwanamke aswali, huyu afunga, na yule afunga, wote hutoa zaka, wote huhiji. Kiambishi a- hakina jinsia, na ni moja katika neema za lugha yetu kwamba sentensi "aliswali alfajiri" haimwambii msikilizaji kama ni baba au mama. Lakini tukitoka nje ya nguzo, tukaingia katika yale yanayofanywa mbele za watu au kwa niaba ya watu, mizani hugeuka. Mwanamume huadhini, hukhutubu, husalisha, huhitimisha, huchinja, huozesha. Mwanamke huozwa. Huchinjiwa, ijapokuwa sheria ya Kiislamu haimkatazi kuchinja. Ni mazoea tu ndiyo yamfanyayo mama mwenye kuku mkononi asimame mlangoni akingoja kijana wa kiume apite. Akiugua, husomewa. Akirogwa, huzinguliwa. Akiwa na haja, huombewa dua. Mfano wa jambo hili umo katika kitenzi kinachojulikana na kila mwanafunzi wa sarufi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa.

Hapana budi tuingize tahadhari hapa, maana wako wataalamu wapendao kuifanya sarufi kuwa jela. Kauli ya kutendewa si mali ya wanawake. Mwanamume mgonjwa naye husomewa, na mtoto mchanga husomewa bila kujali ni wa kike au wa kiume. Inachoonyesha kauli hiyo ni kuhitaji, si jinsia. Hata hivyo mwanamume huingia katika uhitaji huo na kutoka, na mwanamke amewekwa humo kwa mazoea. Tena iko mifano ya kinyume ambayo haifai kufichwa: wanawake ndio waoshao maiti za wanawake, wala hakuna mwanamume awezaye kuwafanyia isipokuwa jamaa wachache walioruhusiwa na sheria, na wanawake wengi wa pwani wamefundisha Kurani watoto wa mtaa mzima katika vyuo vya majumbani. Kwa nini kazi hizo hazikumbukwi mtu aulizwapo habari za "dini ya wanawake"? Kwa sababu hufanyika ndani ya nyumba, na jicho la mtazamaji liko njiani.

Neno lililobeba uzito mkubwa zaidi katika mjadala huu ni pepo. Kwa msikilizaji wa pwani lina maana mbili, nazo hutengwa na upatanisho wa kisarufi: pepo ya Mwenyezi Mungu, aingiayo mja mwema, na pepo aliyempanda mtu kichwani, ambaye hupatanishwa kama kiumbe chenye uhai. Ni jambo la kutafakariwa kwamba kwa mwanamke wa pwani pepo zote mbili zilifikiwa kwa kupitia kwa mume. Mwana Kupona binti Mshamu wa Siu, katika utendi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, alimfundisha kwamba hata siku ya kiyama uamuzi wa mwisho juu ya mke umo katika radhi ya mumewe. Neno radhi bado lina nguvu hiyo. Likoni mtu humwambia mtoto atafute radhi za wazazi, na humwambia mke atafute radhi ya mume. Ni nadra kusikia mume akiambiwa atafute radhi ya mke.

Na pepo wa pili je? Huyo humpanda mwanamke, lakini bili yake huletwa kwa mume. Katika ngoma ya kupunga pepo mgonjwa, ambaye huitwa mwele, hukalishwa mbele ya mganga, hufukizwa ubani au udi, na ngoma hupigwa mpaka pepo apande na aseme. Hujitaja jina na kabila lake: wako wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kipemba, wa Kimasai na wengineo, na kila mmoja ana lugha na chakula chake. Wa Kiarabu hupenda usafi, marashi na halua, na huweza kudai Kurani isomwe. Baada ya hapo hueleza atakalo: nguo, pete, karamu, safari. Hapa ndipo sarufi inapofanya jambo la ajabu. Pepo hasemi "mwanamke huyu". Husema "kiti changu". Mwele amekuwa kiti alichokalia pepo, na upatanisho wote hufuata ngeli ya ki-: kiti changu kimechoka, kiti changu hakitunzwi, kiti changu kinataka nguo. Mtu ameshushwa kutoka ngeli ya watu hadi ngeli ya vitu, na papo hapo, kwa kinywa chake mwenyewe, anatamka malalamiko ambayo pengine asingaliyatamka akiwa mtu. Mume aliyezoea kuamrisha hujikuta anaamrishwa, naye hujibu kwa adabu, kwa kuwa anayesema naye ni mgeni mwenye cheo, si mkewe. Kauli zimebadilishana mahali. Sasa mume ndiye anayedaiwa.

Hali hii iliwavutia wanaelimu jamii mapema. I. M. Lewis, katika makala ya mwaka 1966 na kitabu cha 1971, alitoa nadharia kwamba ibada za kupagawa ni silaha ya walionyimwa, hasa wanawake katika jamii zenye kutawaliwa na wanaume. Roger Gomm aliichukua nadharia hiyo akaipima kwa Wadigo wenyewe, na makala yake katika jarida la Man la mwaka 1975 ndiyo iliyo karibu zaidi na habari za Likoni. Alionyesha kwamba mwanamke wa Kidigo hupata kitu kwa njia ya pepo, lakini hukipata kwa bei: kila ngoma inayompatia nguo huthibitisha pia kwamba yeye ni dhaifu, kiumbe anayeweza kupandwa wakati wowote. Anajadiliana, ila anajadiliana kutoka chini. Kisha mwaka 1987 Linda Giles, aliyefanya utafiti katika miji kadhaa ya pwani ya Kenya na Tanzania, aliandika katika jarida la Africa kwamba nadharia ya unyonge haitoshi. Katika vyama vya pepo alikuta wanaume pamoja na wanawake, na watu wenye heshima na nafasi. Akasema kwamba mambo haya hayako pembezoni mwa utamaduni wa Waswahili bali yako ndani yake.

Kwa maoni yetu Gomm alisikia vizuri kile kinachosemwa na Giles alitazama vizuri nani yumo chumbani, na kila mmoja ana haki. Lakini wote wawili hawakutilia mkazo jambo ambalo kwetu ni la msingi, nalo ni majina. Mume anayelipa gharama ya ngoma hulipa kwa sababu anaamini. Kama asingaliamini kwamba pepo yuko, angalimwambia mkewe anyamaze. Mwalimu anayeandika kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, likaoshwa na kunywewa, anaamini. Nahodha asiyetweka tanga siku ambayo falaki imeikataa anaamini. Imani ni ile ile ya viumbe visivyoonekana vyenye kudhuru na kunufaisha, na Kurani yenyewe inawataja majini. Ila imani hiyo ikiwa kwa mwanamke huitwa pepo, na ikiwa kwa mwanamume huitwa kinga, kago, hirizi, falaki, elimu. Majina ya upande mmoja ni ya ugonjwa. Majina ya upande wa pili ni ya ujuzi.

Mfano mzito wa jambo hili umo katika historia ya Likoni yenyewe. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana wenye silaha walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni na maeneo ya kivuko, wakaua polisi na raia, na kwa majuma yaliyofuata watu wengi kutoka bara walikimbia makwao. Uchunguzi uliofanywa baadaye, ukiwamo ule wa tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi, ulieleza habari za viapo walivyolishwa vijana hao. Waliamini kwamba kwa kiapo na dawa risasi hazitawapata. Walikuwa wanaume. Hakuna aliyesema kwamba wanaume wa Likoni wana imani dhaifu ya dini, wala hakuna aliyeita kiapo kile "mambo ya kike". Ilhali mwanamke wa mtaa ule ule akipigiwa ngoma moja kwa sababu hashiki mimba, jirani hutikisa kichwa na kusema kwamba wanawake hawana dini. Tunalitaja tukio hili kwa uzito unaostahili, maana wako waliofiwa. Lakini ushahidi wake juu ya imani ya wanaume haukwepeki.

Wasomaji watauliza kuhusu Wakristo, ambao ni sehemu kubwa ya Likoni ya leo. Hapa maneno ni mengine lakini vitenzi vinafanana mno. Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 hutumia pepo kwa wale wachafu watolewao. Katika makanisa ya kilokole leo neno hilo limeongezwa kiambishi, likawa mapepo, kwa mkazo wa wingi na ubaya. Tofauti iliyo kubwa ni ya kitenzi. Waislamu wa pwani hupunga pepo, na kupunga ni kupepea, kutikisa huku na huku. Mwisho wake huweza kuwa ni kumtoa pepo au kumtuliza tu, akae na kiti chake kwa masharti. Mkristo wa kilokole hukemea na kutoa. Kwake hakuna masharti. Lakini nani hukemea na nani hukemewa? Viti vya makanisa hujaa wanawake, na mimbarani aghalabu husimama mwanamume. "Naenda kuombewa," husema mama wa Kikristo wa Likoni, kama jirani yake Mwislamu asemavyo anaenda kusomewa. Viambishi vya kauli havikuuliza dini ya msemaji.

Suala hili lisingekuwa na uzito kama lingebaki la kisarufi. Lina uzito kwa sababu tangu karibu miaka mia moja iliyopita wanavyuoni wa pwani wamekuwa wakijitahidi kuisafisha dini na bidaa, na ufagio wao uliwafikia wanawake kwanza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu mpaka kufa kwake mwaka 1947, aliandika kwa Kiswahili fasaha juu ya mila zilizowadidimiza Waislamu. Na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1968, aliendeleza kazi hiyo. Hatuna ugomvi nao. Sheikh Al-Amin alitaka pia watoto wa kike wasomeshwe, jambo ambalo wengi wa rika lake hawakulitaka. Lakini wafuasi wa baadaye, hasa vijana, wamelichukua neno ushirikina wakalitia juu ya ngoma ya mwanamke bila kulitia juu ya hirizi ya mwanamume kwa nguvu ile ile. Matokeo yake ni mwanamke kuambiwa kwamba kile kinywa cha pekee alichokuwa nacho mbele ya mumewe ni dhambi, pasipo kupewa kinywa kingine.

Kusema kweli kinywa kingine kimekuwa kikipatikana, ingawa polepole. Susan Hirsch, aliyefuatilia kesi katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi na kuchapisha kitabu mwaka 1998, alionyesha kwamba wanawake ndio wengi wapelekao mashtaka huko, na kwamba mara nyingi hushinda, ijapokuwa adabu huwataka wastahimili na kunyamaza. Huko mwanamke husimulia kwa nafsi ya kwanza: mimi nilifanya, mimi nilinyimwa. Hasemi kiti changu.

Njia ya pili ni kitabu. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Farsy ilipotoka mwaka 1969 ilimfikia msomaji ambaye alikuwa amehitimu chuoni utotoni, ajuaye kuitamka Kurani yote bila kuijua maana yake. Wanaume walikuwa na khutuba na darsa za msikitini za kuwafafanulia. Mwanamke wa nyumbani hakuwa nazo kwa wingi huo. Tafsiri ilimletea darsa mlangoni. Hapa kitenzi kusoma chenyewe kimepanuka. Kwa wazee, kusoma Kurani ni kuitamka sawasawa. Kwa binti zao, kusoma ni kuelewa na kuweza kuuliza. Darsa za wanawake zimekuwa za kawaida katika Mombasa, na misikiti mingi iliyojengwa au kupanuliwa katika miongo ya karibuni ina sehemu yao. Wako wasemao kwamba hao wasomi wapya ndio wakali kuliko wanaume katika kuzikataza ngoma za mama zao, na hilo halitushangazi: aliyepata kauli ya kutenda haoni tena haja ya kiti.

Hata hivyo masikio ya watu huchelewa kuifuata hali. Mwalimu ni neno lisilo na jinsia, na katika Likoni wako wanawake wanaosomea wagonjwa Kurani, wa kike na wa kiume. Lakini ukisimama kivukoni ukasikia mtu akisema kwamba ndugu yake alikuwa taabani, akasomewa na mwalimu mmoja wa Mtongwe, akapona, swali litakalofuata huulizwa karibu daima kwa namna moja: "Ni mzee gani huyo?"